Choo cha mobaili kinanuka? Rekebisha hewa kabla hujaongeza dawa (mwongozo kamili)

Choo cha mobaili, yaani kile cha kuhamishwa na lori, kikianza kunuka, kitu ya kwanza watu hukimbilia ni dawa. Wanamwaga ile ya bluu mara mbili, wananing'iniza perfyumu ya gari juu ya mlango, na baada ya siku mbili kinanuka choo na lavenda pamoja. Dawa ina kazi yake, nitaifikia huko chini, lakini harufu ni hewa na hewa hufuata njia iliyo rahisi kwake. Sa kama kazi yako inakukutanisha na hivi vyoo, uwe foremani wa mjengo Kilimani, uwe mpangaji wa harusi na shoo pale Ngong Racecourse, ama uko na vyako kadhaa unakodisha, cha kwanza ni kujua hewa ya hicho choo inaingilia wapi na inatokea wapi.

Njia yenyewe ni moja tu. Hewa safi iingie chumbani kupitia luva (yale matundu ya hewa ya ukutani), ishuke kwa tundu la kikalio, ipite juu ya uchafu ndani ya tangi, halafu ipande paipu itokee juu ya paa. Chumbani, tangini, paipuni, nje. Ikienda hivo, hata tangi likiwa nusu mtu anakaa hapo ndani anamaliza kusoma meseji zake zote za WhatsApp. Ikigeuka, yaani itoke tangini ipande kwa tundu ijae chumbani, hakuna dawa ya hapa Nairobi itakuokoa. Kila hatua ninayoandika hapa ni ya kulinda huo mwelekeo, ukisahau mengine yote shika huo.

Na hii akili haikuanza na vyoo vya plastiki. Miaka ya 1970, Zimbabwe ikiwa bado inaitwa Rhodesia, Peter Morgan wa maabara ya Blair alitengeneza choo cha shimo chenye paipu ya kuvuta hewa, hicho ndo watu wanaita VIP (Ventilated Improved Pit) na shule nyingi za mashambani bado ziko nacho. Kanuni zake za paipu, wavu na upepo zinafanya kazi vilevile kwa choo cha mobaili, tofauti ni kwamba badala ya shimo uko na tangi la lita mia mbili na kitu.

Kinachonuka ni nini hasa

Fupi tu, manake hii ni ya kuelewa, si ya mtihani. Mkojo ukikaa, bakteria wanavunja urea inakuwa amonia, hiyo ndo inachoma macho na koo. Kinyesi kikioza bila oksijeni kinatoa haidrojeni salfaidi, harufu ya yai viza. Kuna na methani, hiyo haina harufu lakini inawaka moto, kwa hivyo sigara na kiberiti viwe mbali na tundu.

Utaskia fundi akikwambia eti gesi ya yai viza ni nzito kuliko hewa kwa hivyo toboa matundu chini ya mlango itoke yenyewe. Kweli ni nzito, na amonia ni nyepesi, hiyo iko sawa. Lakini kwa kiwango kidogo kama hicho cha chumbani gesi zote zimeshachanganyika na hewa na zinaenda pale hewa inaenda. Zitazame kama mzigo ndani ya matatu, gari ikigeuka Ngara mzigo nao umegeuka Ngara. Toboa chini au toboa juu, kama mvuto hauko kwa paipu bado unazungusha harufu tu.

Jambo moja la usalama kabla hatujaenda mbali: haidrojeni salfaidi ikifika kama sehemu 100 kwa milioni pua inazima, huisikii tena, na hapo ndo inakuwa hatari. Usiingize kichwa ndani ya tangi kuangalia chochote, hata dakika moja. Tumia tochi na kioo kidogo cha mkono, na mlango ubaki wazi.

Hatua ya kwanza: pima kabla ya kununua chochote

Chukua tishu ya choo, ile ya pli mbili, ibandue ubaki na karatasi moja nyepesi, chana kipande chembamba kama upana wa kidole na urefu wa shibiri. Ingia, funga mlango, subiri kidogo hewa itulie, fungua kifuniko cha kikalio. Shika tishu kwa ncha juu kidogo ya tundu, usipumue juu yake, na uangalie ile ncha ya chini.

Ikiinama kuingia ndani ya tundu, choo kinavuta, shida yako iko kwingine, labda sakafu ama urino (ile beseni ya kukojolea ya pembeni). Ikining'inia tu imetulia, paipu imeziba ama hakuna upepo. Ikipeperuka juu kuja usoni kwako basi ushapata mwizi, tangi linapumulia chumbani.

Kama macho yako hayaoni vizuri hiyo tishu, tumia poda ya mtoto. Finya kopo kidogo karibu na tundu uone kale kawingu kanaenda wapi. Kuna watu hutumia ubani ama dawa ya mbu ya kuchoma, mimi sipendi kabisa, manake unapeleka moto karibu na methani kwa ajili ya kitu poda inaweza kufanya.

Sasa rudia hicho kipimo saa tofauti. Saa tisa alasiri upepo ukivuma karibu kila choo kinavuta. Pima saa kumi na mbili na nusu asubuhi wakati hewa imelala na watu wa saiti ndo wanaanza kupanga foleni, hapo ndo utajua ukweli. Na pima ukiwa umefungua mlango kisha umefunga, kama tishu inabadilisha mwelekeo ukifunga, luva zako hazipitishi hewa ya kutosha.

Hatua ya pili: paipu kutoka chini hadi juu

Asilimia kubwa ya shida iko hapa na marekebisho yake ni ya bei rahisi, kwa hivyo usiharakishe.

Anza chini. Paipu inaingia kwa juu ya tangi na mwisho wake unafaa uishie hapo hapo chini ya dari ya tangi, juu kabisa ya uchafu. Vyoo vikipakiwa kwa kenta na kushushwa kila wikendi ile paipu inalegea na kuteleza chini polepole, na siku moja mdomo wake uko ndani ya maji ya bluu. Kwa nje kila kitu kinaonekana sawa, paipu imesimama, kofia iko juu, lakini imeshakuwa mrija uliozibwa na hakuna hata punje ya hewa inapita. Ukiona choo kinanuka sana tangi likifika nusu na hakinuki likiwa tupu, shuku hilo kwanza. Ivute juu, kisha funga klampu ama piga skrubu mbili za pembeni juu ya tangi ili isiteleze tena.

Halafu kagua pale paipu inapotoboa tangi na pale inapotoboa paa. Hapo kwa tangi kukiwa na mwanya, harufu inavujia chumbani bila hata kupitia kwa tundu. Ziba na silikoni, lakini safisha na kukausha kwanza kabisa, silikoni juu ya plastiki yenye mafuta ama unyevu inabanduka ndani ya wiki. Pia pitisha mkono paipu nzima ukitafuta ufa, hizi paipu zinapigwa teke na watu walevi kwa iventi we acha tu.

Upana: inchi 4 ndo ya chini, hiyo paipu ya kijivu ya kawaida iko kila hadiwea. Ukipata choo cha fundi cha mabati kimewekewa paipu ya inchi 2, toa, usijaribu kuokoa. Kama saiti iko mahali pamejifunga sana unaweza kwenda inchi 6. Na iwe imenyooka. Kila elbo unayoweka inakula mvuto, na hewa ya paipu haina nguvu nyingi ya kupoteza.

Urefu: hapa vyoo vingi vya plastiki vinakuja na upungufu. Paipu inachungulia tu juu ya paa sentimita chache, upepo ukipita juu ya choo unapinda na kuzunguka hapo hapo, wakati mwingine unaisukuma harufu irudi chini. Iongeze ifike kama sentimita 50 juu ya sehemu ya juu kabisa ya paa. Nunua soketi ya inchi 4 na kipande cha paipu, lakini usigandishe na gundi, kiwe cha kuchomoa, sababu utaiona huko mwisho. Piga kijiskrubu kimoja kisipeperuke.

Kofia: watu wanaweka kofia imebana kabisa mdomo wa paipu wakiogopa mvua. Kwa paipu ya inchi 4 nafasi kati ya mdomo na kofia ikiwa chini ya sentimita 2.5 ushapunguza njia ya hewa, hesabu yake ni robo ya kipenyo. Weka sentimita 5 ulale salama. Mvua kidogo ikiingia haina neno, ni tangi hilo, si sebule.

Wavu: muhimu kwa nzi. Nzi akiwa ndani ya tangi hufuata mwanga, na mwanga uko juu ya paipu, anapanda anakwama kwa wavu anafia hapo. Matundu ya wavu yawe kama milimita 1.2 kwa 1.5, ukiweka wavu wa kusuka karibu sana hewa inakwama. Wavu wa bati la kawaida unaliwa na hizo gesi haraka sana, tafuta wa nyuzi za glasi uliopakwa plastiki ama wa chuma cha pua. Na usafishe! Buibui wanapenda huko juu kuliko mahali pengine popote, na ikifika Oktoba, jakaranda zikimwaga maua, choo kilichowekwa chini ya mti kinaziba kwa siku chache tu. Ndoo ya maji ikimwagwa kwa paipu kutoka juu inasaidia kuondoa utando wa buibui.

Rangi nyeusi? Paka ukitaka. Jua likipiga paipu hewa ya ndani inapata joto na kupanda, lakini upepo unaopita juu ya mdomo ndo unafanya kazi kubwa, rangi inasaidia siku zile hakuna upepo. Na Julai ya Nairobi na mawingu yake, hiyo rangi ni urembo tu.

Hatua ya tatu: luva

Paipu haiwezi kutoa hewa ambayo haijaingia. Matundu yote ya kuingiza hewa chumbani yakijumlishwa yawe angalau mara tatu ya mdomo wa paipu. Paipu ya inchi 4 mdomo wake ni kama sentimita 80 hadi 95 za mraba kutegemea aina, kwa hivyo unatafuta kama sentimita 300 za mraba za uwazi halisi, sawa na kitobo cha sentimita 30 kwa 10. Nasema uwazi halisi kwa sababu luva yenye vibao inaonekana kubwa lakini nusu yake ni plastiki, na nusu iliyobaki imeshapakwa vumbi la simiti.

Upande gani sasa? Hapa ndo watu wanachanganyikiwa. Luva ikiwa upande upepo unatokea, upepo unasukuma hewa iingie, presha ya chumbani inapanda kidogo, na hewa inatafuta kutokea kwa tundu na paipu, sawasawa na unavyotaka. Luva ikiwa upande wa pili, ule upepo unakoelekea, inafanya kinyume, upepo ukipita nje unanyonya hewa ya chumbani, na chumba kikishanyonywa kinaivuta ya tangi ipande. Nairobi upepo mwingi unatoka upande wa mashariki, kaskazini mashariki miezi ya joto na kusini mashariki miezi mingine, lakini kati ya magorofa unapinda vile unataka, kwa hivyo amini vumbi na moshi wa jikoni wa mama wa chakula pale getini kuliko ramani.

Kama choo kina luva pande zote nne juu, na vingi viko hivo, geuza mlango uangalie upepo, halafu ziba kwa muda luva za nyuma na tepu ya karatasi upime tena na tishu. Ukiona mwelekeo umerudi chini, weka kipande cha plastiki na riveti, umemaliza. Usizibe zote manake mtu bado anahitaji kupumua.

Hatua ya nne: mahali pa kuweka

Hili mara nyingi si la fundi, ni la yule ameamua choo kiende kona ya mwisho ya ploti ili kisionekane. Naelewa. Lakini kona ya ukuta wa mawe na uzio wa mabati ndo mahali hewa inasimama kabisa, na saiti za Kilimani na Kileleshwa zina ukuta wa jirani pande tatu. Acha angalau mita moja kutoka ukutani, na mdomo wa paipu uwe juu ya ukuta kama unaweza. Vikiwa vingi kwa mstari, acha nafasi ya mtu kupita kati ya kimoja na kingine, na usiviweke viwili vikitazamana mlango kwa mlango kwa ujia mwembamba kama vichochoro vya Gikomba.

Kivuli ni suala la kupima. Kivuli kinapoza tangi na tangi baridi linaoza polepole, hiyo ni faida kubwa Januari hadi Machi. Lakini kibanda ulichojenga juu ya choo kikizuia upepo kufikia paipu umeua kitu kikubwa kwa ajili ya kidogo. Mwavuli wa turubai wa juu tu, paipu itokeze juu yake, hapo sawa.

Na weka pima maji chini ya choo. Kikiinama upande mmoja, uchafu unarundikana upande ule maji hayafiki, unakaa wazi juu ya dawa, na hakuna hewa itashindana na hiyo.

Hatua ya tano: feni, na hapa usikosee upande

Kuna saiti na iventi ambapo upepo haupo, ndani ya hema kubwa, ama chini kwenye bezimenti ya mjengo. Hapo feni inahitajika. Lakini nimeona mahali, tena si mara moja, wameweka feni ya kutoa hewa kwa dari ya chumba cha choo, wakajisifu. Fikiria vile nimesema hapo juu. Feni inanyonya chumba, chumba kinanyonya tangi, na paipu sasa inaingiza hewa badala ya kutoa. Umelipa pesa kuvuta harufu ikupite puani kabla haijatoka.

Feni inakaa kwa paipu, karibu na mdomo wa juu, ikisukuma nje. Hakuna pengine.

Ukubwa si lazima uwe wa kutisha. Chumba cha choo cha mobaili ni kama mita 2 za ujazo na kitu kidogo, na mita 20 za ujazo kwa saa zikipita kwa paipu zinatosha, ni kama hewa ya chumba kubadilishwa mara 10 kila saa. Kifeni cha kompyuta cha sentimita 12 cha volti 12, vile vinauzwa Luthuli Avenue, kikiwa wazi kinasukuma zaidi ya mita 80 za ujazo kwa saa, na ukikifunga kwa paipu yenye wavu kinapoteza nusu ama zaidi, bado uko mbele. Kikubwa zaidi ya hapo kinakausha maji ya tangi, na Julai watu watakulalamikia kwa sababu nyingine kabisa, upepo baridi ukishuka kwa tundu mtu akiwa amekaa si mchezo.

Chagua kifeni kisicho na kaboni brashi, hakitoi cheche, na kiwe kile kimefungwa kuzuia maji. Amonia na unyevu zinakula nyaya na bearingi, kwa hivyo hesabu kwamba utakibadilisha, kifunge na skrubu za kufungulika, siyo riveti.

Stima: kifeni cha namna hiyo kinakula kama wati 3. Masaa 24 ni wati-saa 72. Paneli ya sola ya wati 20 kwa jua zuri la masaa 5 inakupa 100 kwa karatasi, ukitoa hasara ya theluthi unabaki na 67 hivi, haifiki. Chukua ya wati 30, ama 40 kama choo kitafanya kazi Juni hadi Agosti. Betri ya volti 12 ampia-saa 7 ina wati-saa 84, na kwa kuwa ni ya asidi tumia nusu tu, 42, ambayo ni masaa 14 ya feni. Usiku wetu ni masaa 12 mwaka mzima, saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, basi inatosha. Weka chaji kontrola ndogo na fyuzi. Betri ikae nje ya chumba kwa kisanduku chenye kufuli, na paneli uifunge kwa paa na bolti, kisha uharibu vichwa vyake zisifunguliwe na wezi, hii ni Nairobi.

Ukiwa huna bajeti ya sola kuna ile kofia ya kuzunguka na upepo, ya bati. Inafanya kazi upepo ukiwepo, lakini upepo ukiwepo hata paipu tupu ndefu inafanya kazi, kwa hivyo mimi pesa yangu ningeiweka kwa kurefusha paipu kwanza.

Kifuniko na urino

Kifuniko cha kikalio kinaleta ubishi. Cha VIP huachwa bila kuziba ili hewa ishuke, wakati kampuni nyingi za vyoo vya mobaili zinaandika ndani ya mlango funga kifuniko. Wote wako sawa kwa hali zao. Choo kinavuta vizuri, kwa kipimo cha tishu, kifuniko kikiwa wazi hakidhuru. Kisipovuta ama kikibadilika badilika, kifungwe kila mara. Vifuniko vya plastiki havibani kabisa, hewa bado inapenya pembeni na paipu inaendelea kuvuta.

Urino ya pembeni ndo jasusi. Ina paipu yake ndogo inayomwaga kwa tangi, na kama haina mtego wa maji ama kile kiulimi cha mpira, ni tundu la pili la tangi liko sawa na kifua chako. Unaweza kurekebisha kila kitu na bado kinuke kwa sababu hiyo. Peleka tishu hapo pia. Mtego ukiwa umekauka mwaga maji kikombe kimoja, ukiwa haupo nunua kiulimi cha mpira.

Dawa, kusafisha na idadi ya watu

Hii nitaipitia haraka. Baada ya eksosta (lori la kunyonya uchafu) kufyonza, tangi lirudishiwe maji kama lita 20 na dawa kwa kipimo cha kopo, maji yafunike chini yote. Bluu ikianza kugeuka kijani dawa inaisha nguvu, usingoje ifike kahawia. Sakafu na kuta zioshwe, mkojo uliokauka sakafuni unatoa amonia kivyake na hauko kwa njia ya paipu.

Jik (ile dawa ya klorini ya kung'arisha nguo) usimwage tangini wala juu ya mkojo. Klorini na amonia zikikutana zinatoa gesi inayochoma mapafu, na Jik na dawa ya asidi ya kusugua choo ni mbaya zaidi. Sabuni na maji, kisha dawa ya choo cha mobaili, basi.

Idadi: kipimo cha Marekani ni choo kimoja kwa wafanyakazi 10 kwa wiki ya masaa 40, kikihudumiwa mara moja kwa wiki. Mjengo wetu ni Jumatatu hadi Jumamosi, mara nyingi zaidi ya masaa 40, kwa hivyo ukiwa na watu 10 kwa choo panga eksosta mara mbili. Kontrakta akikataa mkumbushe Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, mwajiri anatakiwa kuweka vyoo vya kutosha na vitunzwe visafi.

Siku ya kuhama

Lori likija, chomoa ile nyongeza ya paipu kabla choo hakijainuliwa, ndo maana nilisema usigandishe. Andika namba ya choo kwa kila kipande na kalamu ya wino usiofutika manake ukichanganya soketi haziingii. Toa waya za sola kutoka kwa feni, funga mdomo wa paipu na mfuko wa plastiki mgumu na raba ili tangi lisirushe kitu barabarani. Kikishuka saiti mpya, kwanza hakikisha mdomo wa chini wa paipu haujateleza, weka pima maji, rudisha nyongeza, toa ule mfuko (watu wanausahau kabisa, na choo kinanuka siku nzima wakilaumu dawa), kisha tishu yako juu ya tundu kabla hujasaini karatasi ya dereva.